Pauni Yako Inakwenda Wapi? Farasi, Kubeti na Mkono wa Serikali ya Uingereza



Septemba 2025 wanachama wachache tulipanda treni kutoka Sheffield kwenda Doncaster kuangalia mbio za St Leger. Tuseme ukweli, wengi wetu tulifuata kofia za akina mama na picha za kutuma nyumbani, maana mambo ya farasi hatuyajui. Mbio hizo zilianza mwaka 1776 na Waingereza wanaziheshimu kama sisi tunavyoheshimu Simba na Yanga. Basi tumesimama karibu na wale wachezeshaji wenye vibao vya bei, watu wamepanga foleni na noti mkononi, kijana mmoja wa mwaka wa kwanza akaniuliza: "Kaka, hivi hawa wanacheza kamari hadharani hivi na polisi amesimama pale?" Kabla sijafungua mdomo mwenzake akadakia: "Hapa serikali inasimamia kila kitu bwana, si kama kwetu. Hapa huibiwi."

Hayo maneno ya huyo wa pili ndiyo yaliyonifanya nishike kalamu. Mimi ni mweka hazina wa chama chetu. Mwaka uliopita mfuko wa dharura, ule tunaochangia kwa ajili ya misiba na pango la nyumba, ulipokea maombi mawili kutoka kwa watu ambao walikuwa wamebeti ada yao. Mmoja wao ameniruhusu niyaseme yake bila jina. Alianza na farasi, pauni tano tano za Jumamosi, akamaliza na awamu nzima ya ada ndani ya wiki tatu, usiku, kwenye simu. Nilipomwuliza hakuogopa vipi, alinijibu: "Lakini kampuni ina leseni." Na kweli inayo. Kwa hiyo nimeona tuelezane leseni ile ni ya kitu gani, pesa inatoka wapi na inaishia mfukoni mwa nani. Mimi ni mtu wa uhandisi wa mitambo, si mwanasheria, ila mwaka wangu wa kwanza hapa nilikuwa nafanya kazi Jumamosi katika duka moja la kubeti, nyuma ya kioo, kwa hiyo nimeiona hii biashara kwa upande wa pili wa dirisha.

Tuanze na historia, kwa ufupi. Msidhani Waingereza wamekuwa wakiruhusu mambo haya siku zote. Sheria ya 1906 ilipiga marufuku kubeti mitaani, lakini tajiri aliyekuwa na akaunti ya mkopo kwa mchezeshaji aliendelea kama kawaida, na aliyeweza kwenda uwanjani kwenyewe hakuguswa. Aliyekamatwa ni kibarua na senti zake pembeni ya baa. Matokeo yake ni kwamba kila mtaa ulikuwa na mjumbe wa siri wa kukusanya madau, na polisi wa kumfumbia macho. Winston Churchill, alipokuwa waziri wa fedha, alijaribu kutoza kodi kwenye madau mwaka 1926. Ilimshinda, maana huwezi kutoza kodi biashara iliyojificha, na 1929 akatangaza kuifuta. Ndipo sheria ya 1960 ikaruhusu maduka, na ya kwanza yakafunguliwa tarehe 1 Mei 1961. Hata hivyo serikali ilitaka duka liwe mahali pa kuchukiza: madirisha yasionyeshe ndani, na televisheni haikuruhusiwa mpaka 1986. Wazo lilikuwa kwamba mwenye hamu yake aje aitimize, lakini asiwepo wa kumtia hamu. Kalikumbuke hako kawazo, nitakarudia.

Sasa twende kwenye usimamizi wa leo. Watu wanasema "serikali" kama vile ni mkono mmoja. Leseni ya kampuni hutolewa na Gambling Commission, tume iliyozaliwa na sheria ya kamari ya 2005 iliyoanza kutumika kwa ukamilifu Septemba 2007. Kibali cha jengo la duka hutoka halmashauri ya mji. Mbio zenyewe, yaani farasi kupewa dawa, mpanda farasi kuchapa fimbo kupita kiasi, nani afungiwe, ni kazi ya British Horseracing Authority, ambayo si idara ya serikali hata kidogo. Kabla ya 2007 kazi hiyo kwa muda mrefu ilikuwa ya Jockey Club, klabu ya mabwana wakubwa iliyoanza karibu 1750, ambayo mpaka leo inamiliki viwanja 15 kati ya 59 vya nchi hii. Kodi ni ya mamlaka ya mapato. Na kuna chombo cha tano ambacho wageni wengi hawajawahi kukisikia, nacho ndicho kinachonivutia kuliko vyote: bodi ya tozo, Horserace Betting Levy Board.

Watanzania neno tozo mnalijua vizuri tangu ile ya miamala ya simu ya 2021, sina haja ya kulieleza. Kodi huingia Hazina ikachanganyika na nyingine zote. Tozo hii haiendi Hazina, inarudi kwenye farasi. Ilianzishwa 1961, mwaka ule ule wa maduka, kwa hoja rahisi: mtu akiweza kubeti mtaani kwake hatalipa kiingilio uwanjani, viwanja vitakufa, na viwanja vikifa hao wenye maduka watabetisha nini? Kwa hiyo anayechuma kwenye mbio achangie mbio. Tangu 2017 kiwango ni asilimia 10 ya faida ghafi ya kampuni kwenye mbio za Uingereza, baada ya pauni 500,000 za mwanzo. Inaleta zaidi ya pauni milioni 100 kwa mwaka. Sehemu kubwa huwa zawadi za washindi, nyingine hulipia upimaji wa dawa na utafiti wa magonjwa ya farasi.

Ongeza kwenye hiyo tozo kodi ya asilimia 15 ya faida ghafi. Tupige hesabu ya mkono. Watu wameweka madau ya pauni 100 kwenye mbio, kampuni imelipa washindi 90, imebaki na 10. Hazina inachukua pauni 1.50, bodi ya tozo pauni 1. Kampuni inabaki na 7.50 ya kulipa mishahara (nilikuwa napata kima cha chini, msidhani), pango, na picha za televisheni, maana viwanja huiuzia kampuni matangazo ya mbio na hilo ni fungu kubwa la mapato yao. Ndiyo sababu utakuta mbio zinakimbizwa Jumatatu mchana, mvua inanyesha, jukwaani kuna wazee kumi na mbwa mmoja. Hadhira yenyewe iko madukani na kwenye simu.

Kwa nini watoze faida na si dau? Hapa kuna somo ambalo Nairobi imelipata kwa gharama. Mpaka mwaka 2001 mchezaji wa hapa alikatwa asilimia 9, ama kwenye dau ama kwenye ushindi, achague mwenyewe. Ikaja simu na intaneti, na 1999 mchezeshaji mmoja mkubwa, Victor Chandler, akahamishia shughuli zake Gibraltar ambako makato hayo hayakuwepo. Gordon Brown akaona atabaki anatoza hewa. Oktoba 2001 akafuta makato kwa mchezaji akaweka ile 15 kwenye faida ya kampuni. Hata baada ya hapo biashara ya mtandaoni iliendelea kukimbilia Gibraltar, ikabidi sheria ya 2014 iseme: haijalishi kompyuta yako iko wapi, mteja wako akiwa hapa unahitaji leseni ya hapa na unalipa kodi ya hapa. Kenya nayo mwaka 2019 iliweka ushuru wa asilimia 20 kwenye kila dau. Kampuni yenyewe hubakiwa na pungufu ya hapo, sasa 20 itatoka wapi? SportPesa, ambao jina lao mlikuwa mnaliona kifuani kwa wachezaji wa Everton, walisimamisha biashara Kenya mwaka huo huo. Ushuru ule ulifutwa 2020, ukarudi 7.5 mwaka 2021, ukapanda tena na tena, na 2025 ukahamishiwa kwenye pesa inayoingizwa katika akaunti ya kubeti, asilimia 5. Ukiona serikali inahama hama namna hiyo ujue inatafuta mahali ambapo pesa haitaikimbia.

Haya, hayo ni ya wakubwa. Tuje kwako mwenye pauni tano.

Yule kijana wa Doncaster aliyesema "huibiwi" yuko sahihi kwa maana ndogo sana. Mwenye leseni lazima akulipe ukishinda. Tangu 2007 unaweza hata kumdai mahakamani, jambo ambalo kwa zaidi ya miaka 150 halikuwezekana, maana sheria ya 1845 ilisema deni la kamari halidaiki. Lakini faida ya kampuni imo ndani ya bei yenyewe, tena kihalali, na hakuna tume itakayokuja kukurudishia. Chukua mbio za farasi watatu. Wa kwanza bei yake ni moja kwa moja: weka 50 upate 100 pamoja na dau lako. Wa pili ni mbili kwa moja: weka 33.33 upate 100. Wa tatu ni tatu kwa moja: weka 25 upate 100. Ukitaka kuwa na uhakika wa kupata pauni 100 kwa vyovyote vile, itabidi uwekee wote watatu, na jumla ni pauni 108.33. Umetoa 108.33 kupokea 100. Hizo 8.33 hazikuibwa, zilikuwa zimeandikwa kwenye kibao tangu asubuhi, ila kwa lugha ambayo watu hawajumlishi. Katika kila pauni unayoweka wastani unarudishiwa peni 92.

Peni 92 si mbaya, utasema. Wenzangu wa mitambo wataniunga mkono hapa: gia moja yenye ufanisi wa asilimia 92.3 ni sawa, lakini zifunge kumi mfululizo uone kinachotoka mwisho wa shafti. Ni asilimia 45. Mtu aliyeanza Jumamosi na pauni 100, akawa anachukua alichopata na kukirudisha chote kwenye mbio inayofuata, mara kumi, kwa wastani anarudi nyumbani na 45. Atakuwepo mmoja aliyerudi na 600, na huyo ndiye atakayekusimulia. Wale wengine mikeka yao ilichanika, wamenyamaza.

Kuna njia nyingine, ya kuchangia kapu moja. Aliyeibuni ni Joseph Oller huko Paris miaka ya 1860. Madau yote yanakusanywa, msimamizi anatoa fungu lake, kinachobaki wanagawana waliopatia. Hapa inaitwa Tote. Ilianzishwa kwa sheria ya 1928 ikawa chini ya serikali mpaka ilipouzwa kwa kampuni binafsi 2011. Msimamizi wa kapu hawezi kupata hasara, kwa sababu habishani na mchezaji, yeye ni mgawaji tu. Ila fungu lake si dogo, karibu peni 20 kwa kila pauni kwenye dau la mshindi.

Nisamehewe kidogo hapa niwapeleke pembeni. Tatizo la kapu ni hesabu: maelfu wanaweka madau kwa dakika chache, kwenye madirisha mengi, na watu wanataka waone jumla inavyobadilika. Mhandisi George Julius wa Australia alikuwa ametengeneza mashine ya kuhesabu kura, serikali ikaikataa. Akaigeuza ikawa ya kuhesabu madau, na 1913 ikafungwa uwanja wa Ellerslie, Auckland, New Zealand. Jengo zima la chuma, kapi na nyaya za piano, linasukumwa na vitu vizito vilivyoning'inizwa kama saa ya ukutani, na lilikuwa linajumlisha kutoka madirisha mengi kwa wakati mmoja. Tunaosoma mifumo ya udhibiti tungepaswa kufundishwa habari ya ile mashine wiki ya kwanza.

Narudi. Mtaona Waingereza wanawatendea farasi tofauti na kamari nyingine, na si kwa sababu ya mapenzi tu. Mwaka 2025 Hazina ilipendekeza kuunganisha kodi za kamari za mtandaoni ziwe moja, na watu wa farasi wakahofia 15 yao kupanda mpaka 21. Tarehe 10 Septemba, siku moja kabla ya tamasha letu la Doncaster kuanza, waligoma: mbio za siku hiyo katika viwanja vinne hazikufanyika, wakaenda London kulalamika. Haijawahi kutokea. Na wakasikilizwa. Bajeti ya tarehe 26 Novemba ilitangaza kwamba kasino na mashine za mtandaoni zinapanda kutoka asilimia 21 hadi 40 kuanzia Aprili 2026, kubeti mpira na michezo mingine mtandaoni ni 25 kuanzia Aprili 2027, na farasi wamebaki pale pale 15. Hoja yao ilikuwa kwamba wao tayari wanalipa tozo, na nyuma ya mbio kuna watu wa mazizi, madaktari wa wanyama, wakulima wa majani. Nyuma ya mashine ya kwenye simu kuna programu tu.

Mimi sina shamba la farasi, ila kwa namba hoja ile naiona ina uzito, na hapa ndipo inapomgusa yule ndugu yetu. Mbio moja huchukua dakika chache, kisha unasubiri nyingine. Mashine ya mtandaoni kanuni inasema mzunguko usipungue sekunde 2.5. Hiyo ni mizunguko 24 kwa dakika. Tangu Mei 2025 mwenye miaka 18 hadi 24 haruhusiwi kuzidisha pauni 2 kwa mzunguko, na wazazi wengi wangesema ah, pauni mbili tu. Zidisha basi: 24 mara 60 mara 2 ni pauni 2,880 za madau kwa saa moja. Tuseme mashine inarudisha asilimia 95, yaani kuliko farasi wetu wale watatu. Wastani umepoteza pauni 144 kwa saa, na kila kitu kimefuata sheria. Pale dukani nilikuwa naona wazee wa farasi wakitumia mchana mzima kwa pauni kumi, wanabishana, wanakunywa chai. Waliokuwa kwenye mashine za pembeni hawakuzungumza na mtu.

Ndugu yetu hakuhama mwenyewe kutoka farasi kwenda mashine. Alihamishwa. Aliweka dau la farasi, akapewa mizunguko ya bure kama zawadi. Ofa za aina hiyo, za kuchanganya mchezo mmoja na mwingine, tume imezipiga marufuku kuanzia Januari 2026, yeye akiwa ameshamaliza ada. Mnakumbuka ule mpango wa 1961 wa kutomtia mtu hamu? Ndio mjue tulikotoka.

Walio Dubai na Abu Dhabi watauliza mbona kwao farasi wanakimbia na hakuna kubeti. Ni kweli, Dubai World Cup inakimbizwa tangu 1996 bila dau hata moja uwanjani, na zawadi ya mbio kuu ni dola milioni 12. Lakini pale yupo mtawala anayependa farasi na wadhamini wa kulipa. Pasipo mtu wa namna hiyo, mchezo huu hulipiwa na waliopoteza. Hata Ngong Road kule Nairobi, ambako wanakimbiza farasi tangu 1954, madau ni sehemu ya siku.

Kwa hiyo leseni inakuhakikishia kwamba mizani haikuchakachuliwa, kwamba utalipwa, na kwamba mtoto wa chini ya miaka 18 hachezi. Tangu Aprili 2020 haikuruhusu kutumia kadi ya mkopo, na hilo limewaokoa wengi. Tangu Februari 2025, pesa unazoingiza zikizidi unazotoa kwa zaidi ya pauni 150 ndani ya siku 30 kampuni inatakiwa iangalie kumbukumbu za wazi kama umefilisika au una hukumu ya deni. Sasa mwanafunzi aliyefika juzi kutoka Dodoma au Mombasa atakuwa na kumbukumbu gani? Hana hukumu, hana deni, anaonekana msafi kabisa. Ada iliyoko kwenye akaunti yake haionekani kuwa ni ada.

Tangu Aprili 2025 kampuni zote zinalipa pia tozo nyingine, kati ya asilimia 0.1 na 1.1, na nusu yake inakwenda kutibu walioathirika kupitia NHS. Matibabu hayo ni bure na sisi wenye viza ya masomo tumeshalipia huduma za NHS. Mwambie daktari wako, wala hutakuwa wa kwanza. Kuna GAMSTOP, unajiandikisha bure na kampuni zote za mtandaoni zenye leseni ya hapa zinalazimika kukufungia, miezi sita, mwaka au miaka mitano, na huwezi kubadili mawazo katikati. Benki nyingi nazo zina kitufe ndani ya programu cha kuzuia malipo ya kamari. Ndugu yetu alivifanya vyote vitatu siku moja, tukiwa tumekaa jikoni kwangu, ugali unapoa.

Mfuko ulimkopesha pauni 600, chuo kikamsogezea tarehe ya iliyobaki. Anarejesha 50 kila mwezi na hajakosa hata mmoja. Ombi la pili bado liko mezani. Kamati inakutana Alhamisi ya kwanza ya mwezi ujao, saa kumi na mbili jioni, chumba kile kile, na hoja ni moja: tuandike kwenye katiba kwamba mfuko haulipi hasara za kubeti, kama wengine wanavyotaka, au tuendelee kuangalia mtu kwa mtu. Mimi nitapiga kura ya mtu kwa mtu. Wenye maoni tofauti njooni mseme.

Mweka hazina wenu.